Kwa Doto Aliyewafunga Warundi

Doto, pacha wangu,

Naandika nikiwa barazani, cherehani nimeisukuma pembeni, na Mama kalala ndani baada ya vijiko vichache vya uji. Sina hakika kama barua hii itakufikia. Bwana Ramadhani, dereva wa lori anayepakia mizigo stesheni ya Isaka na kuipeleka magharibi, amekubali kuibeba mpaka Runzewe. Hapo atampa mtu anayekwenda machimboni, na huyo atampa mwingine, hivyo hivyo mpaka ikufike. Nilimuuliza huyo wa mwisho atakujuaje. Akacheka sana. "Mama Neema, huko ukiita Doto inageuka nusu ya kambi!" Hakukosea. Kwetu Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na naona Madoto wote wa mkoa huu wamekwenda kutafuta dhahabu, sisi Makulwa tukaachiwa wazazi.

Kwa hiyo nivumilie. Nitakusimulia mambo unayoyajua kuliko mimi, ili yeyote atakayeisoma njiani ajue namtafuta Doto yupi. Bahasha sikuifunga, kwa makusudi. Simtafuti Doto wa kuchimba wala Doto wa kuuza nguo. Nakutafuta wewe uliyewafunga Warundi mpira wa kikapu hapa Shinyanga tulipokuwa wasichana wa shule, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto ulilolipata kwenye nguzo ya goli. Na ninachokutafutia ni kimoja tu: Mama anaumwa, bado ana maneno machache kinywani, na nataka uje kabla hayajaisha.

Bwana Ramadhani amenieleza pia mlivyokutana. Alisimama kunywa chai kwenye kibanda chako ulipokuwa bado Runzewe, kabla hujahamia machimboni, akakutazama, akaiona sura yangu. Kusikia unaitwa Doto, akakuuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Kulwa yuko wapi?" Ukamjibu, "Alishafariki," ukaendelea kukanda unga. Aliponisimulia aliona haya, akawa anatazama tairi la lori lake. Basi pokea salamu za marehemu, mdogo wangu. Marehemu hajambo, ila mgongo unamsumbua. Ningekuwa na nguvu ningekasirika, lakini siku hizi hasira nayo inataka mtu aliyelala vizuri.

Nianze tulipoanzia. Unakumbuka gauni la bluu alilotuletea shangazi kutoka Mwanza? Lilikuwa moja, na tulikuwa wadogo, hata shule hatujaanza. Mama akakupa wewe kwa sababu ulilia. Wiki hiyo hiyo surua ikanikamata. Mimi sikumbuki kitu, ila nimesimuliwa mara nyingi mpaka naona kama nakumbuka: nililala mkekani, macho yamefungana, pumzi inakuja na kukatika, na Mama kaketi ameninyanyua kichwa. Bibi akaja kutoka kijijini, akatazama gauni kwenye kamba ya nguo, akauliza limetoka wapi. Alipoambiwa akasema, "Pacha hapewi peke yake. Umemwonyesha huyu kwamba hatakiwi, naye anaondoka."

Mama alikuwa mwalimu wa hesabu. Alisali kila Jumapili. Alimjibu Bibi kwamba surua ni surua, na kwamba mambo ya mizimu ya mapacha yalikuwa ya zamani. Lakini gauni alilichoma moto. Hilo hakumweleza mtu, majirani ndio walioona moshi. Nilipopona akawa mtu mwingine. Yai moja alilikata kwa uzi ili nusu zisizidiane. Michembe, vile viazi vikavu, alituhesabia vipande. Ukikosea wewe tulichapwa wote, na nikikosea mimi tulichapwa wote, nawe ulikuwa ukininong'oneza, "Leo fanya adabu, matako yangu bado yanauma." Watu walipomwita Mama Kulwa, kama desturi ilivyo kumwita mama kwa mtoto wa kwanza, hakuitika. Alitaka Mama Mapacha. Mwishowe mtaa mzima ulizoea.

Halafu mpira ukaja. Uwanja ule wa saruji karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, magoli yamechomelewa na mafundi wa kiwandani, nyavu hakuna, mpira mmoja kwa shule tatu. Sijui ni nani aliyekufundisha. Nadhani hakuna. Mwalimu wa michezo alitupa mpira, wewe ukaudaka na kuanza kuudunda kana kwamba ulizaliwa nao, na kama ulizaliwa nao basi ulinibana mimi tumboni mwa Mama, maana mimi nilipata mabega tu. Kazi yangu uwanjani ilikuwa kugonga watu. Ulikuwa unaniambia, "Kulwa, wewe fungua mlango, mimi nitaingia." Nami nilifungua. Nilifungua milango na mabega yangu haya haya ambayo leo yananyanyua mgonjwa.

Siku ile ya Warundi kila mtu mzima wa mji huu bado anaizungumza. Gari la kipaza sauti lilipita mitaani tangu asubuhi likitangaza mchezo wa kimataifa wa vijana, wasichana wa Burundi dhidi ya wasichana wa Shinyanga, na watu ambao hawakujua hata mpira huo unachezwa kwa mkono au kwa mguu walikuja. Wenye maduka walifunga mapema baada ya swala ya alasiri, wakaja na kanzu zao. Wafugaji walikuja na baiskeli kutoka vijijini wakakaa juu ya ukuta, fimbo mapajani. Wageni wetu walikuwa wamevaa viatu vya aina moja, vyeupe. Sisi tulikuwa na raba za kila rangi, na zako zilifungwa kwa uzi wa katani.

Mkubwa mmoja wa mchezo alikuwa atoke Dar es Salaam kuja kututazama. Walikuwa wanakusanya timu ya taifa ya wasichana chipukizi, na mikoa ya huku ilikuwa haijawahi kutoa mtu. Treni ikakwama Tabora. Akapiga simu ya upepo: mchezo uendelee, apelekewe takwimu za kila mchezaji, vikapu, mitupo huru na faulo, atachagua kwa hizo. Mwalimu wa michezo akamfuata Mama kwenye meza. Mama ndiye aliyekuwa mwandishi wa meza kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na kwa sababu alishawafundisha hesabu nusu ya wachezaji. Akamwambia mbele yetu, "Mama Mapacha, leo sisi wote tuko kwenye kalamu yako." Mama akaitikia kwa kichwa, akaijaribu kalamu pembeni ya karatasi. Nilimwona hana raha. Nilidhani ni jua.

Ulivyocheza siku ile, Doto, sitaweza kuandika. Mimi ni mshonaji, si mwandishi. Naona vipande tu. Naona yule msichana wao mrefu akikuwekea mikono usoni na wewe ukipita chini ya kwapa lake. Naona ukirusha bila kutazama goli, huku unanitazama mimi na kucheka, na mpira ukiingia. Naona wazee wa juu ya ukuta wameinuka. Mmoja alikuwa anapiga kelele, "Mpe pacha! Mpe pacha!" Mwenzake akamuuliza, "Yupi?" Naye akajibu, "Wewe mpe yeyote, wote moja!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikiwa nakimbia.

Fulana yako ilikuwa nane, yangu saba. Pembeni ya Mama alikaa mwalimu wa wageni, Mrundi mwembamba mwenye miwani, kazi yake kuangalia kwamba meza haiwaonei watu wake. Katika mapumziko mafupi nilisogea mezani kunywa maji, nikasikia anamwambia Mama kwa upole, kwa Kiswahili chao cha Bujumbura, "Mama, aliyefunga iko nane. Wewe unaandika saba."

"Hawa hubadilishana fulana," Mama akasema.

"Katikati ya mchezo?"

"Mwalimu, nimewazaa mimi."

Yule bwana alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuna mgeni anayeweza kubishana na mama wa watu juu ya mtoto yupi ni yupi. Baadaye kidogo nilimsikia tena: "Lakini saba iko na faulo tano, mama. Lazima atoke." Mama akajibu, "Tatu." Mrundi akatazama mbinguni. Mimi nilisikia yote hayo na sikuelewa. Nilijua tu kwamba mtu wa faulo tano hutolewa, kwamba mimi nilikuwa nimegonga watu kupita kiasi, na kwamba hakuna aliyenitoa, nikamshukuru Mungu, nikarudi uwanjani.

Na hapo ndipo panaponichosha kufikiri. Maana mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ukaniangukia mimi, mimi niliyepaswa kuwa nimekaa kwenye benchi na taulo kichwani. Nilimsukuma msichana mmoja kwa bega, nikakupa, ukafunga. Arobaini na moja kwa arobaini. Kama Mama angeandika haki, ile pasi isingekuwepo. Kama angeandika haki, pengine tungeshindwa, na wewe ungekwenda Dar es Salaam. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii na bado sijui nilie upande gani.

Baada ya wageni kupewa soda na sisi kupewa maji, mwalimu wa michezo akasimama kusoma karatasi. Alisoma majina yote. Akafika kwetu, akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Kulwa, pointi kumi na nne. Doto, pointi kumi na nne. Faulo, tatu. Faulo, tatu." Mtu mmoja wa timu alicheka akidhani ni mzaha. Wewe hukucheka. Ulimtazama Mama, ukasema, "Mama, mimi?" Naye alikuwa anafunika kalamu yake. Akasema, "Imeshaandikwa."

Na kweli ilikuwa imeshaandikwa. Waamuzi walikuwa wameweka sahihi, Mrundi naye ameweka sahihi huku amenyanyua mabega, na mwalimu wa michezo alisema karatasi ikishapigwa sahihi haifutwi. Nyumbani ulimsubiri Mama mlangoni. Hukumsalimu hata.

"Nimefunga ishirini na nne, Mama. Nilikuwa nazihesabu mwenyewe."

"Na mwenzio nimwache na nne?"

"Ndizo alizofunga!"

Nikasema, "Mama, nne zinanitosha." Nilisema, Doto, nawe ulinisikia. Zilinitosha kweli. Mtu asiyependa nyama ukimwongezea mnofu unamtesa tu. Lakini Mama alinigeukia na uso ambao sikuuona tena mpaka alipopata ugonjwa huu. Akasema, "Wewe nyamaza, hukumbuki. Mimi ndiye niliyekushika. Ulikuwa umeshakwenda. Mtu asinifundishe kugawa." Akaingia jikoni. Akatupakulia ugali, na nilimwona akikata matonge kwa mwiko, anapunguza hapa, anaongeza pale.

Ningependa kusema Dar es Salaam walikosea, ningepata mtu wa mbali wa kumlaumu. Hawakukosea. Walitazama karatasi waliyopelekewa wakajibu kwa ustaarabu: Shinyanga ina nafasi moja, kwa kuwa takwimu za mapacha ni sawa kabisa, shule ichague mmoja wao na kumleta. Mmoja! Mwalimu wa michezo hakuhitaji hata dakika, aliandika jina lako. Ikabaki sahihi ya mzazi. Baba alishafariki, kwa hiyo ni Mama tu. Tukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu wote watatu. Nilisimama nikasema, "Aende Doto. Mimi mpira sitaki hata kuuona." Ukanishika kidole kidogo nyuma ya migongo yetu. Mama akasema, "Wote wawili, au asiende mtu." Mwalimu mkuu akambembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kisukuma, akamwita "mwalimu mwenzangu." Mama akarudia yale yale, wote wawili au asiende mtu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya mtu anayekataza. Nafasi akapewa msichana mwingine wa timu yetu, mmoja mrefu aliyekuwa anaogopa mpira.

Hukulia. Nilingoja ulie ili nijue la kufanya. Uliacha kudunda tu. Mpaka siku ile ulikuwa ukidunda kila mahali: njiani, uani, ukiwa na mpira au bila mpira, mkono wako ulikuwa unapiga hewa. Nyumba ikawa kimya, na Mama alikuwa wa kwanza kuona. Alikuwa anatoka uani, anakutazama umekaa, anarudi ndani. Alikununulia mpira, unakumbuka? Sijui aliupata wapi wakati ule ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Alinunua mipira miwili, mmoja wako, mmoja wangu. Uliuweka uvunguni ukakaa huko mpaka panya wakautoboa. Wangu niliugawa kwa watoto wa jirani.

Ulipoondoka tulikuwa tumeshakuwa watu wazima. Habari za dhahabu zilikuwa zimeenea, vijana wa kila kijiji wanafuata rashi, wakisikia leo imetoka huku wanahamia huku. Wewe uliondoka na lori la Isaka na ndoo ya kupikia chai. Nilikusindikiza. Nilikuuliza utarudi lini, ukasema, "Huko nataka kuona kama naweza kuwa mtu mmoja." Nilikasirika wakati ule. Nilidhani unanikimbia mimi. Sasa nimekuwa mama wa watoto watatu, na kuna siku natamani niwe mtu mmoja walau kwa saa moja, kwa hiyo nimekuelewa, ingawa nimechelewa.

Unajua kinachonichekesha? Watu hapa wanadhani ni mimi. Nikienda sokoni, nikienda Ibadakuli kupeleka nguo nilizoshona, mzee mmoja atanisimamisha tu. "Siyo wewe uliyewafunga Warundi?" Mwanzoni nilikuwa naeleza: hapana, mzee, ni pacha wangu, Doto, mimi nilikuwa nagonga watu tu. Nilikuwa naeleza mpaka nyanya zinaisha. Siku hizi nasema, "Ndiyo, mzee, shikamoo," naenda zangu. Binti yangu Neema ananiuliza kwa nini nadanganya. Namwambia si uongo, ni uchovu.

Mama alianguka mvua za mwaka huu zilipoanza. Alikuwa anachota maji kwenye pipa, nikasikia kopo limeanguka, nikatoka nikamkuta amekaa kwenye tope, ananitazama kwa jicho moja. Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wa kushoto umelala. Tangu hapo namgeuza asubuhi, namgeuza mchana, namlisha, namsafisha, nashona katikati, wateja wangu wanalalamika na nusu yao wameshakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Mume wangu ni mtu mwema lakini kazi yake ni ya safari. Majirani walikuja sana mwezi wa kwanza. Sasa wanapita na kuuliza nje ya uzio, "Mama Neema, mgonjwa anaendeleaje?" na kabla sijajibu wameshafika kwenye kona.

Nimechoka, Doto. Nakuambia wewe kwa sababu nikimwambia mwingine ataniambia pole, na pole zimejaa nyumba hii mpaka hakuna pa kukaa. Kuna siku nakaa pembeni ya kitanda na kijiko mkononi na kusahau kama nilikuwa namlisha au nimemaliza. Kuna siku namchukia. Halafu anafungua mdomo kama kinda la ndege nami namlisha. Katika maisha yetu yote huyu mama hakuniruhusu nipate kitu bila wewe kupata nusu yake, na ugonjwa wake huu nimepewa wote. Usidhani sijaliona hilo. Naliona kila ninapomnyanyua.

Maneno yake yamekuwa machache na hayaji kwa mpangilio. Ataomba chumvi akimaanisha blanketi. Na kwa muda sasa ananiita Doto. Mwanzoni nilimsahihisha, "Mama, mimi Kulwa," akawa anatikisika kwa hasira, machozi yanamtoka upande mmoja. Nikaacha. Akiita "Doto," naitika, "Abee, Mama." Ni jina tu, nilijiambia, nami nimeshaitwa mengi.

Juzi asubuhi nilikuwa namwosha. Nimeshamaliza uso, niko kwenye mkono, akanishika kwa ule mkono wake mzima. Alinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Doto." Nikasema abee. Mdomo wake ukaanza kufanya kazi, nikadhani anataka maji. Ndipo yakatoka, moja moja, yamenyooka, hakuna hata moja lililopotea njia:

"Vikapu vile vilikuwa vyako. Niliogopa. Nisamehe, mwanangu."

Nilibaki na kitambaa mkononi, maji yanamchuruzikia kwenye shuka. Miaka yote hii, Doto, miaka uliyokaa nyumbani ukimsubiri aseme neno moja, na miaka uliyokaa huko ukijifanya husubiri, na yanapotoka yananiangukia mimi. Nilitamani kupiga kelele. Nikimwambia mimi ni Kulwa, ataona aibu, na pengine maneno yale hatayapata tena. Nikimwambia nimekusamehe, nitakuwa nimetoa kitu ambacho si changu. Kwa hiyo nilisema, "Ngoja Mama, nakuja," nikatoka uani, nikasimama karibu na pipa mpaka nikasikia amelala.

Tangu juzi hajasema tena. Lakini kila ninapoingia ananitazama, na si kutazama kwa mtu anayetaka uji. Ameuliza, anangoja kujibiwa. Mimi nainamisha macho, namgeuza, nampangusa, namfunika, natoka. Nimevumilia mengi yako, nimeitikia jina lako, nimepokea sifa zako sokoni. Hili siliwezi.

Simwombei. Sijui unadaiwa nini na moyo wako, na sitakuambia mama ni mama, umeshaambiwa hayo na kila mnywa chai. Bwana Ramadhani anasema malori yanarudi Isaka kila wiki na hatakutoza nauli. Njoo usimame pale kitandani akuone. Ukitaka kumwambia ndiyo, mwambie. Ukitaka kumwambia hapana, mwambie hapana, nami nitakuwa nimesimama mlangoni, sitakuzuia na sitakulaumu hata siku moja. Ila litoke kwako, Doto, kwa sauti yako, maana mimi leo jioni lazima niingie tena mle ndani, na bado atakuwa ananitazama.

Pacha wako,
Kulwa